Asumini za mama mkwe hazitoi, na harusi ni Desemba

Shikamoo Bibi Shamba,

Naishi Raskazone hapa Tanga, katika nyumba ya familia ya mume wangu. Bustani si yangu, ni ya mama mkwe. Yeye ndiye aliyepanda karibu kila kitu: miasumini miwili mbele ya baraza, bogenvilia ya zambarau iliyopanda juu ya geti, na haibiskasi nyekundu tatu ukutani karibu na kisima. Mwaka jana kabla ya Ramadhani alisafiri kwenda Muscat kwa binti yake aliyejifungua, na huko akakaa. Siku ya kuondoka hakuniusia juu ya nyumba wala vyombo. Aliniusia maua.

Wallahi sijayatelekeza. Namwagilia kila jioni kwa mpira, maji ya kisima, bila kukosa. Kila mwisho wa mwezi naweka urea konzi moja kila shina, maana jirani aliniambia majani yakiwa ya njano ujue mti una njaa. Kuna kijana anakuja kila baada ya wiki tatu na mkasi mkubwa, anavikata vichaka vyote vikae na umbo, tunamlipa kila anapokuja. Mume wangu anapenda kuona mistari imenyooka na pembe zinaonekana.

Pamoja na yote hayo, bogenvilia imenawiri majani mpaka inaziba taa ya geti, lakini ua hata moja. Mwasumini mmoja unatoa maua matano sita kwa wiki, yale ya chini pembeni ambako mkasi haufiki. Wa pili, upande tulikojenga banda la gari, hautoi kabisa, na majani yake machanga yamekuwa ya njano ila mishipa imebaki kijani. Haibiskasi ndizo zinazonitisha zaidi. Ncha zimejikunja na zina kitu cheupe kama pamba, vitumba vinadondoka kabla havijafunguka, majani ya chini yana masizi meusi yanayonata, na sisimizi wanapanda na kushuka mchana kutwa.

Nimefuata ushauri wa kila aliyepita getini: majivu ya jikoni, maganda ya mayai, majani ya chai.

Kuna jambo jingine. Mama alipokuwapo nilikuwa namwona anafanya vitu ambavyo kwangu vilikuwa ni kuutesa mti. Kuna wakati aliinyima miasumini maji mpaka majani yakalegea, kisha akakaa kwenye kigoda akaipukutisha majani kwa mkono na kukata matawi yake, ikabaki mitupu. Nikajisemea moyoni, huu ni uzee. Nikaapa mimi sitaitesa hivyo.

Sasa amepiga simu. Anarudi Desemba kwa harusi ya mjukuu wake, na ameshawaahidi watu kwamba asumini za bibi harusi zitatoka barazani kwake. Leo ni Agosti. Mume wangu anasema tuing'oe tupande mingine kutoka kitaluni kabla hajafika, eti hatajua. Mimi naogopa hata kumwambia ukweli kwenye simu. Nifanye nini?

Na kama nafasi ipo, nina mwaridi kwenye chungu nilionunua Lushoto. Majani yana madoa meusi na yanapukutika. Nao una tiba?

Mkwe mwenye hofu,
Raskazone, Tanga


Marahaba, mwanangu.

Kwanza mwambie baba watoto aweke jembe chini. Hakuna cha kung'oa hapo. Na hilo la kwamba mama hatajua, asijidanganye. Aliyepanda mwasumini kwa mkono wake anajua unene wa shina lake, na mche wa kitaluni shina lake halizidi kalamu. Atajua hata kabla hajashusha begi.

Barua yako nimeisoma nikitafuta ugonjwa, na ukiacha ule mwaridi wa chunguni, nikakuta tatizo moja tu la aina hiyo, la haibiskasi, na hilo nalo ni wadudu. Mengine mengi yametokana na kuhudumiwa kupita kiasi: maji, urea na mkasi. Naanza na mkasi, kwa sababu ndio unaokula maua yako.

Mimea yako yote mitatu ina tabia moja: inatoa maua kwenye machipukizi mapya. Mwasumini unaweka vitumba kwenye ncha ya tawi changa, mara nyingi vitatu vitatu. Bogenvilia inatoa kwenye vitawi vya pembeni vilivyochipua karibuni. Haibiskasi inabeba vitumba kwenye makwapa ya majani ya juu, karibu na ncha, na kila ua likifunguka linaishi siku moja tu kwa kawaida, kwa hiyo bila ncha mpya kila mara hakuna ua la kesho. Sasa tazama anachofanya yule kijana. Mmea unachipua, ncha inarefuka, inajiandaa kubeba, wiki ya tatu anakuja anaifyeka. Mmea unaanza upya, naye anarudi. Ushahidi umeuandika mwenyewe bila kujua: maua pekee unayopata yako chini pembeni, pale mkasi usipofika.

Simlaumu kijana. Mnamlipa kila anapokata, basi anakata. Mlipe kwa mwezi, mpe kazi ya kupalilia, kubeba samadi na kuwinda wadudu, na ule mkasi mkubwa ufungieni stoo. Baba watoto akiona bustani imekosa nidhamu, apandiwe michongoma kwenye mpaka wa kiwanja. Hiyo inavumilia kunyolewa pembe nne mwaka mzima, na hakuna anayeisubiri kwa ajili ya harusi.

Tuje kwenye miasumini, maana ndiyo yenye tarehe.

Yale uliyoyaona kwa mama mkwe wako hayakuwa uzee. Kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu ambako mji wa Madurai una sifa kubwa kwa asumini hii hii tunayovaa sisi, wakulima hufanya hivyo kila mwaka. Wanapunguza maji, wanapogoa kwa nguvu, wanaondoa majani yaliyobaki, kisha wanarudisha maji pamoja na samadi. Mti uliopumzishwa hivyo unachipua wote kwa mara moja, na kwa kuwa kila chipukizi ni kituo cha maua, yanakuja kwa wingi na kwa pamoja badala ya mawilimawili. Mama alikuwa anapanga mavuno pale kigodani. Wewe ukaja na huruma ya maji kila jioni, mti ukakosa sababu ya kuacha majani na kufikiria maua.

Kwa hiyo wiki hii fanya hivi kwa ule mwasumini ulio juani. Acha kumwagilia kwa siku kumi hivi, mpaka uone majani yanalegea mchana na hayainuki vizuri asubuhi. Usiende zaidi ya hapo. Mizizi yako imezoea kunywa kila siku, iko juu juu, itakauka kweli. Halafu chukua mkasi mdogo wa kupogolea, uwe mkali na umeufuta kwa spiriti, ukae kama alivyokaa mama. Anzia ndani. Kichaka kilichonyolewa mara kwa mara huwa kijani nje na ndani kimejaa vijiti vikavu. Toa vyote, toa na matawi yanayosuguana, ili mwanga uingie mpaka katikati. Kisha punguza yaliyobaki kwa theluthi moja, kila mkato juu kidogo tu ya jicho, yaani pale chipukizi linapotokea, linalotazama nje. Majani mazee yaliyobaki yapukutishe kwa mkono taratibu, ukivutia kuelekea ncha, si kuelekea shina, usije ukachuna gome.

Utakapomaliza kitaonekana kibaya. Watu watakuuliza. Vumilia.

Siku hiyo hiyo chimbua udongo kidogo, kina cha kidole, kwenye duara lililo chini ya ncha za matawi. Usichimbe shinani. Weka samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza vizuri, ile isiyonuka tena, karai moja, funika kwa majani makavu, kisha mwagilia mpaka maji yazame. Machipukizi ukianza kuyaona, usiyaguse. Kwa joto la Tanga, tangu kupogoa mpaka vitumba ni miezi miwili hivi, wakati mwingine zaidi kidogo, kwa hiyo tegemea mzao wa kwanza Oktoba, vuli ikiwa inaingia. Huo si wa harusi. Uchume wote, usiache ua lizeeke mtini, na kila tawi lililomaliza kuzaa likate ncha tu, majani mawili matatu chini ya pale ua lilipokuwa. Hapo unaomba mzao wa pili, nao ndio unaoweza kuangukia mwisho wa Novemba na kuingia Desemba. Nasema unaweza. Maua hayasomi kadi ya mwaliko, na vuli ikiwa na mawingu mengi yatachelewa.

Mwasumini wa pili tatizo lake ni banda la gari. Ua hili linataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku au zaidi. Kivulini litakupa majani mpaka uchoke. Wala usiung'oe kuuhamisha, mti mzee wenye mizizi iliyotawanyika unaweza kukufia mikononi. Tawi refu la chini liinamishe, likwaruze gome kidogo upande wa chini, lilaze kwenye udongo wenye mboji na ulifukie sehemu ile, weka jiwe juu lisiinuke, ncha ibaki nje. Udongo uwe na unyevu. Baada ya miezi miwili mitatu litakuwa na mizizi yake, utalikata kutoka kwa mama yake na kulipanda penye jua. Halitawahi harusi hii, lakini ni mwasumini ule ule wa mama, si wa dukani. Laza matawi mawili kwa tahadhari.

Hayo majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani yanahitaji maelezo zaidi, maana ndipo uliposhauriwa vibaya.

Jirani hakukosea kusema njano ni njaa. Alikosea njaa ya nini. Mmea ukikosa nitrojeni, majani mazee ya chini ndiyo hugeuka njano kwanza, jani zima, kwa sababu mmea unayanyonya kulisha machanga. Yakigeuka machanga ya juu huku mishipa ikibaki kijani, kinachokosekana kwa kawaida ni madini ya chuma. Na kwenye udongo wa pwani yetu uliokaa juu ya mawe ya matumbawe, mara nyingi chuma kimo. Ni chokaa inayokifunga, mizizi ikashindwa kukichukua. Sasa wewe ukamwaga majivu, ambayo yanazidisha ukali ule ule wa chokaa, na juu yake maganda ya mayai, ambayo ni chokaa tupu. Nyumba yenyewe imejengwa juu ya chokaa, mwanangu! Ushauri wa majivu unaweza kumfaa mtu mwenye udongo mchachu wa huko milimani. Kwako acha kabisa. Majani ya chai hayana ubaya wala hayana ajabu, yatupe kwenye mboji.

Dawa yake ni ya polepole: samadi iliyooza, mboji, na matandazo ya majani makavu yasiyoondolewa. Vikioza vinaulainisha udongo na kuuachisha ule ukali kidogo kidogo. Ukitaka kuona mabadiliko mapema, nenda duka la pembejeo uulize chuma cha kupulizia majani, na ufuate kipimo cha kwenye kopo. Ukizidisha utaunguza.

Halafu kuna maji yenyewe. Visima vya karibu na bahari huwa na chumvi, hata kama ulimi hauisikii sana. Unaponyunyiza kidogo kidogo kila jioni, maji yanabaki juu, jua la kesho linayakausha, chumvi inabaki pale pale mizizi ilipojazana. Mwagilia mara mbili kwa wiki, asubuhi mapema, na kila ukimwagilia mwagilia kweli, maji yashuke chini yaisukume chumvi iondoke kwenye mizizi. Kwenye udongo wa kichanga sana ongeza mara moja. Vuli ikianza, kinga maji ya bati kwenye mapipa na uyaweke kwa ajili ya miasumini na mwaridi. Bogenvilia haina haja nayo.

Urea nayo isimame. Ni nitrojeni asilimia 46, na nitrojeni kazi yake ni kusukuma majani na matawi laini. Konzi kila shina kila mwezi ni nyingi hata kwa mahindi. Machipukizi laini yenye utomvu mwingi ndiyo yanayopendwa na wadudu wanaofyonza, kwa hiyo sehemu ya balaa la haibiskasi umeinunua kwa kilo.

Bogenvilia ndiyo rahisi kuliko zote, maana inachotaka ni kuachwa. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Ilipata jina kwa nahodha Mfaransa Louis Antoine de Bougainville, aliyezunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Mtaalamu wa mimea katika msafara wake, Philibert Commerson, aliikuta Brazili. (Msaidizi wa Commerson alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyejifanya mwanamume ili aruhusiwe melini. Nadhani waume wachache wanaotoa amri juu ya maua wangependa kulijua hilo.) Huko kwao kuna sehemu zenye kiangazi kirefu na udongo hafifu, na mmea umezoea kuchanua wakati wa ukame. Angalia mji wako mwenyewe: zile zinazowaka rangi Januari na Februari ni za kwenye uzio wa kiwanja kisicho na mtu, zisizomwagiliwa na yeyote. Zilizo karibu na bomba linalovuja ni majani matupu.

Kwa hiyo usiimwagilie kabisa kwa sasa. Mizizi yake ni ya miaka, imeshuka, haitakufa. Majani yakilegea sana mpaka asubuhi, mpe ndoo mbili, kisha acha tena. Ile mijeledi mirefu minene inayopaa juu ya geti, isiyo na tawi la pembeni, ikate ubakize macho matatu au manne. Kila jicho litatoa kitawi, na vitawi hivyo ndivyo vinavyobeba. Fanya sasa, mara moja, kisha mkasi usiguse mpaka imalize kuchanua. Ukiona mapema vijani vidogo vya ncha vikianza kugeuka zambarau usije ukadhani ni ugonjwa: ile rangi tunayoiita ua ni majani yaliyobadilika, ua lenyewe ni kile kijimrija cheupe katikati. Vaa glavu nene na viatu vya kufunika. Miiba iliyoanguka itafuteni mpaka wa mwisho, ukizingatia wageni watakaopita getini hapo na kandambili. Taa ya geti itaonekana tena kama faida ya juu.

Haibiskasi zina vidung'ata. Ile pamba nyeupe ndiyo nyumba yao, wamo ndani wanafyonza utomvu, na wanachotoa nyuma ni maji matamu. Maji hayo yakidondokea majani ya chini, ukungu mweusi unamea juu yake, ndiyo hayo masizi. Sisimizi wanakuja kuyanywa, na kwa kuwa wanayapenda, wanawalinda vidung'ata dhidi ya wadudu wengine wanaowala, na hata kuwahamisha kwenda tawi jipya. Ukiua vidung'ata ukawaacha sisimizi, utakuwa na kazi hiyo hadi mama arudi.

Anza kwa kukata ncha zote zilizojikunja. Usizitupe kwenye mboji, ziweke kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uuache juani siku kadhaa au uzichome. Zilizobaki zipige kwa maji ya mpira kwa nguvu, hasa chini ya majani. Kisha changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, jaribu kwanza kwenye majani machache na usubiri kesho yake uone kama hayakuungua, halafu pulizia mmea wote jioni jua limepoa. Sabuni haina sumu ya kubaki. Inafanya kazi kwa kumlowesha mdudu mwenyewe, kwa hiyo usipomfikia hafi. Rudia kila wiki kwa wiki tatu nne, maana mayai yaliyo ndani ya pamba yanaendelea kuanguliwa. Mafuta ya mwarobaini ukiyapata, changanya humo humo kwa kipimo cha kwenye chupa. Kwa sisimizi, funga ukanda wa plastiki kuzunguka shina, juu yake paka grisi. Usipake grisi kwenye gome lenyewe. Hakikisha pia hakuna tawi linalogusa ukuta, watapita huko wakucheke.

Na chungulia mpapai, wako au wa jirani. Wapo vidung'ata wanaoishi kwenye mpapai na haibiskasi kwa pamoja. Ukisafisha ukutani huku matunda ya jirani yamejaa pamba, watarudi na upepo. Sumu kali za dukani sikushauri: zinaua na wale wanaokusaidia, kisha vidung'ata wanarudi peke yao kwenye uwanja mtupu. Wadudu wakipungua na maji yakawa ya mpangilio, vitumba vitaacha kudondoka.

Mwaridi wa Lushoto: ule umetoka karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ukaletwa kwenye joto na unyevu wa Raskazone. Hayo madoa ni ukungu. Okota kila jani lenye doa, mtini na chini, mwagilia shinani asubuhi bila kulowesha majani, sogeza chungu penye jua la asubuhi na upepo. Utaishi. Usitegemee ufanane na ulivyouona kitaluni.

Sasa simu.

Unamwogopa mama kwa kuwa unadhani unakwenda kutoa habari ya msiba. Hakuna aliyekufa. Na mimi nimekuandikia kwa kukisia kutoka barua moja, wakati kuna mtu mmoja anayejua ile bustani mwezi kwa mwezi, yuko Muscat, na simu yake inaita. Mpigie leo kabla hujashika mkasi. Muulize: mama, miasumini ulikuwa unaanza kuipukutisha wiki ya ngapi kabla ya maua? Ulikuwa unakata mpaka wapi? Maji unarudisha lini? Muulize kama anayetaka kujifunza, kwa kuwa ndivyo ulivyo. Katikati ya mazungumzo mwambie maua yamepungua, kwamba mlikuwa mnakata mara kwa mara na kumwagilia sana, na kwamba mmeacha. Mwambie na habari ya banda la gari, maana hilo hukulijenga peke yako, na baba watoto awepo pembeni asikie. Siwezi kukuahidi kwamba hatafoka. Lakini akifoka Agosti, kuna miezi ya kurekebisha. Akifoka Desemba mbele ya wageni, hakuna. Anachokuelekeza kikitofautiana na nilichoandika hapa kuhusu tarehe, mfuate yeye.

Muombe pia ruhusa ya jambo moja: kuzungumza mapema na majirani wenye miasumini. Koja la bibi harusi na vikuba vya shangazi zake vinakula vitumba vingi kuliko watu wanavyodhani, na hata miti yote miwili ingekuwa katika hali nzuri ningekushauri usitegemee baraza moja. Ahadi ilikuwa ya mama, kwa hiyo awe yeye anayesema asumini nyingine zitoke wapi.

Siku yenyewe, chuma alasiri, vitumba vikiwa vimenenepa na vyeupe lakini bado vimefumba. Vikishafunguka usiku harufu inaisha haraka na petali zinageuka hudhurungi. Vinyunyizie maji kidogo, vifunge kwenye jani la mgomba, viweke mahali pa baridi, si ndani ya friza. Watunge wenye vidole vyepesi, na waanze baada ya Alasiri, wasisubiri Isha.

Bibi Shamba